Namna Nilivyoipandisha Mashine ya Kina Mama

Jumatatu, 8 Agosti 1983

Mashine imefika! Lori la Shire limeiteremsha leo asubuhi hapa sokoni Kalamba, chini ya kilima, kisha likageuza kurudi mji wa Salama. Shire, mwenye lori, alikataa kupanda. Alisema barabara imeliwa na mvua na lori lake si mbuzi. Sasa mashine ya kusaga imekaa kando ya bucha, nyeusi, nzito, imefunikwa turubai. Nyumba yake iko juu kabisa, karibu na kanisa, mahali chifu alipotoa kiwanja. Kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana, wamelima mashamba ya watu kwa miaka ili kuinunua. Wamechoka kubeba mahindi mgongoni kwenda kuyasaga Matiliku.

Nani ataipandisha? Mama Ndinda, mwenyekiti wao, aliuliza mbele ya watu wote. Kabla sijafungua mdomo, Mbuvi akasimama. Mbuvi ana ng'ombe wanne wa kukokota na majivuno ya wanaume sita. Akasema ataivuta Jumamosi, bure kabisa, ila akabidhiwe funguo awe msimamizi wa mashine.

Funguo! Mimi ndiye ninayestahili funguo. Mimi Ndululu, mume wa mweka hazina wao. Tangu kamati ya josho la ng'ombe iniondoe, sijashika hata ufunguo wa kufuli. Mambo ya josho sitayaandika hapa. Dawa ilizidi kidogo, basi.

Nikasema kwa sauti kwamba iko njia ya kisasa. Watu wakageuka. Mama Ndinda akauliza njia gani. Nikamwambia nitaieleza kesho.

Sijui njia gani. Nimezunguka boma tangu saa sita. Syombua, mke wangu, ananiambia nikae chini, namchosha macho. Siwezi kukaa. Miguu inawasha. Binti yetu Kalunde yuko nyumbani kwa likizo, anasoma fizikia jikoni kwa sauti. Mambo ya nguvu na mwendo. Naenda kusikiliza.

Jumanne, 9 Agosti

Nimeipata. Ni rahisi ajabu.

Kalunde amenisomea sheria ya kwanza. Kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka kisukumwe. Kitu kinachokwenda huendelea kwenda. Hapo hapo nikasimama. Alikuwa hajamaliza, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Shida yote ni ule msukumo wa kwanza! Ukiianzisha mashine vizuri, itaendelea yenyewe mpaka kanisani.

Niliwaeleza kina mama sokoni. Mama Ndinda akaomba aone kwanza. Nikaazima toroli, nikatia gunia la mchanga, nikalisukuma kwa nguvu zangu zote, nikaachia. Likaenda. Likaenda polepole. Likasimama mbele ya duka, si mbali na miguu ya Mbuvi. Mbuvi akaliangalia toroli, akaniangalia mimi, akauliza kama linapumzika.

Nyumbani nikamlaumu Kalunde kwa kunipa sheria mbovu. Akasema sheria ni nzima, ila nilitoka kabla ya mwisho wake. Kitu huendelea kama hakuna nguvu nyingine inayokizuia. Hapa ardhi inasugua gurudumu, na msuguano huo ndio uliolisimamisha toroli.

Kumbe adui si uzito. Adui ni msuguano! Mbona hawakusema mapema?

Huyu mtoto ana kichwa. Mwakani anaingia kidato cha tatu na lazima achague masomo. Nilishasema achukue upishi na ushonaji, na sijabadilisha. Fizikia ya nini kwa msichana? Kesho nitamuuliza kuhusu mafuta.

Jumatano, 10 Agosti

Sikumuuliza.

Niliamka mapema nikachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, ule mkubwa. Nikapanga mbao kwenye mteremko wa kwanza, nikazipaka mafuta zote, kutoka chini mpaka juu. Zikang'aa. Nikawaita vijana wa timu ya mpira, tukaiweka mashine juu ya mbao kwa mitaimbo. Nikahesabu, tukasukuma.

Mashine haikusogea. Sisi tulisogea. Tulirudi nyuma kwa miguu, kisha kwa magoti, kisha kwa tumbo. Golikipa alifika bucha. Kila tulipoamka tulilala tena. Mbwa wa soko lote wakaja kulamba mbao na hakuna aliyeweza kusimama kuwafukuza.

Mbuvi alikuwa ameleta kiti.

Kalunde alinisaidia kutoa matope kwenye shati. Alisema msuguano huo huo ninaouchukia ndio unaomwezesha mtu kutembea. Mguu hushika ardhi kwa sababu ya msuguano, ndipo mtu anapoweza kusukuma. Mimi nilipaka mafuta chini ya mashine na chini ya wasukumaji pia. Nikamwambia angesema jana. Akasema jana hakuna aliyemwambia habari za mafuta.

Jioni tumekula muthokoi mkavu, mahindi ya kukoboa na maharagwe bila tone la mafuta. Syombua aliweka mkebe mtupu katikati ya meza, karibu na chumvi.

Alhamisi, 11 Agosti

Hakuna kitu. Nimekwenda sokoni kuiangalia mashine, nikarudi, nikaenda tena. Mbuvi anawapa ng'ombe wake majani mazuri na kuwapiga piga shingoni kama wanasiasa. Lazima nimzuie kabla ya Jumamosi. Nimemwomba Kalunde anipe sheria nyingine. Yoyote.

Ijumaa, 12 Agosti

Ushindi!

Nilisimama mbele ya kamati na sheria ya tatu. Kila nguvu ina nguvu nyingine inayorudi, sawasawa nayo, upande wa pili. Ukisukuma ukuta, ukuta nao unakusukuma. Watu wakakubali, kila mmoja aliwahi kusukuma ukuta. Kisha nikamgeukia Mbuvi. Nikamuuliza: ng'ombe wakivuta gari, si gari nalo linawavuta ng'ombe? Akasema labda. Nikamuuliza: si kwa nguvu ile ile? Akasema kama kitabu kinasema hivyo. Nikamuuliza: basi kama wanavutana sawasawa, nani atakwenda?

Mbuvi akaketi. Amefuga ng'ombe maisha yake yote, wamevuta jembe, maji na kuni, na leo nimemthibitishia mbele ya watu kwamba haiwezekani. Mzee mmoja alisema lakini tumewaona wakivuta. Nikamjibu kuona si kuelewa. Mama Ndinda akakuna kichwa, akasema basi kesho ajaribu Ndululu.

Kalunde alikuwa amesimama nyuma. Njiani kurudi hakutaka kutembea karibu nami. Mwishowe akasema, akiangalia chini, "Baba, zile nguvu mbili haziko kwenye kitu kimoja. Moja inavuta gari, nyingine inavuta ng'ombe. Ng'ombe anasukuma ardhi nyuma kwa kwato, ardhi inamsukuma mbele. Ndiyo maana wanakwenda. Umemdanganya mzee wa watu."

Nikamwambia hilo alitunze mpaka Jumapili.

Lakini kesho nina mpango wa kweli, na huu nimeufikiria. Nitafunga rimu ya gari kwenye nguzo mbili huko juu, izunguke kama kapi. Kamba nene ya Shire itapita juu yake. Mashine itakuwa juu ya gari la magurudumu manne la shule ya msingi, lile la kubebea maji. Watu watavuta kamba wakiteremka mlima, uzito wao uwasaidie. Kalunde amesema hilo ni wazo zuri! Ameuliza gari litazuiwa na nini tukitaka kupumzika. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sina usingizi, nimeshavaa viatu vya kesho.

Jumamosi, 13 Agosti

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Ilipanda. Hilo waliliona wote. Rimu ilizunguka, kamba ikalia, vijana wakateremka wakivuta na mashine ikapanda kana kwamba imeitwa. Kina mama wakaanza kuimba. Mbuvi alisimama. Ilipita bucha, ikapita duka, ikapita pale barabara inapokata kona juu ya mto, ikafika karibu kabisa na juu.

Hapo nikaona chifu anakuja kwa baiskeli. Nikataka aione vizuri. Nikainua mkono, nikawaambia wasimame. Wakasimama. Mashine ikasimama. Chifu akauliza kama si hatari, ile kamba na wale vijana wamechoka. Nikamweleza sheria ya kwanza. Kitu kilichotulia hubaki kimetulia. Nikawaambia vijana, "Wacheni kamba, mheshimiwa aone. Imetulia. Haiendi popote."

Waliacha kamba.

Mwanzoni ilikaa. Nina hakika ilikaa kidogo. Kisha ikaanza kurudi, taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nikaishika. Ikaniburuta, nikaiachia. Kila ilipokwenda ilizidi mbio. Kamba ikaruka juu ya rimu ikiifuata kama mkia.

Syombua alikuwa anapanda barabara hiyo hiyo, birika la chai mkononi na kikapu cha vikombe kichwani. Alikuwa anaangalia miguu yake, kwa sababu ya mashimo. Nilitaka kupiga kelele.

Kalunde ndiye aliyepiga kelele. "Mwaitu, uma vau!" Mama, toka hapo. Syombua hakuinua hata kichwa kuuliza. Aliruka mtaroni na chai yake. Gari likapita mahali alipokuwa.

Kwenye kona barabara ilikata. Mashine haikukata. Ilikwenda moja kwa moja, ikavunja ua wa Mbuvi, ikapita katikati ya mbaazi zake, ikaingia kwenye mchanga wa mto mkavu, ikazama polepole mpaka ikasimama.

Nilimkuta Syombua amekaa mtaroni, goti linatoka damu. Alikuwa anatafuta kifuniko cha birika. Nikakitafuta pamoja naye. Hatukukipata.

Jumapili, 14 Agosti

Kanisani hakuna aliyekaa benchi letu, hata Syombua. Alikaa na kina mama wa mwethya, amefunga goti kwa leso. Mchungaji alisoma, sijui alisoma nini.

Mama mmoja, mzee sana, alikuwa analia nje ya kanisa. Si kwa kelele. Alisema tu amelima kwa ajili ya mashine ile tangu kabla mjukuu wake hajazaliwa.

Mchana nilishuka mtoni peke yangu. Nilimkuta Kalunde ameshafika, anapangusa mchanga kwenye chuma. Bomba moja la moshi limepinda. Mengine yote mazima. Nikamuuliza inawezekanaje, kwa mbio zile. Akasema mchanga uliizuia kwa umbali mrefu, kidogo kidogo, ndiyo maana nguvu iliyoipiga haikuwa kubwa. Kama ingegonga lile jiwe pale ingesimama mara moja, na ingekuwa vipande. Akanionyesha jiwe. Liko karibu sana.

Nikamuuliza na mama yako je, kama asingeruka. Akaendelea kupangusa.

Nikamwambia pole. Nilimwambia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa hapo.

Jumatatu, 15 Agosti

Kina mama wamekutana bila mimi. Nilipita nyuma ya ofisi ya chifu, kwa bahati tu, nikakaa chini ya dirisha.

Mbuvi alidai afidiwe mbaazi, tena akadai funguo. Mama Ndinda akamwambia funguo hazitashikwa na mwanamume yeyote mwaka huu. Kisha akamwita Kalunde. Binti yangu! Mbele ya kamati! Akasema wasipande moja kwa moja. Wakate njia ya kona kona kwenye ubavu wa kilima. Ni ndefu zaidi, lakini mteremko ni mdogo, kwa hiyo nguvu inayotakiwa ni ndogo. Kila hatua chache mtu aweke jiwe nyuma ya gurudumu, maana uzito wa mashine unaivuta chini saa zote, hata ikiwa imesimama. Kama imesimama ni kwa sababu kuna kitu kinaishika. Na ng'ombe watafaa sana.

Mbuvi akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli ng'ombe wanaweza kuvuta. Kalunde akamweleza habari ya kwato na ardhi. Mbuvi akashukuru. Nafikiri alikuwa ameumia kweli tangu Ijumaa.

Mtu akauliza Ndululu afanye nini. Nikamsikia Syombua. Akasema, "Yeye ataweka jiwe. Na asiseme kitu."

Jumatano, 17 Agosti

Kona kona! Jana walikata njia na kuitoa mashine mchangani, leo tumepanda siku nzima! Ningeweza kwenda Salama kwa miguu nikarudi. Ng'ombe wanavuta, kina mama wanavuta kamba ya pembeni, gari linasogea, naweka jiwe. Wanapumua. Natoa jiwe. Wanavuta, naweka jiwe. Mara mbili niliona mahali pa kukatisha ambapo tungeokoa nusu ya safari. Nilifungua mdomo, Syombua akaniangalia, nikaufunga, nikaweka jiwe.

Jua likiwa linashuka, mashine ikaingia nyumbani kwake. Hakuna aliyepiga makofi mwanzoni. Walikaa tu chini, miguu imenyooshwa, wakiiangalia.

Jumamosi, 20 Agosti

Fundi amenyoosha bomba na kuiwasha. Kilima chote kinatetemeka. Yule mama mzee ndiye aliyetia mahindi ya kwanza, akaweka mkono chini unga ukitoka, wa moto, akacheka.

Mama Ndinda akamuuliza Kalunde atasomea nini. Akasema fizikia, hata kama darasani watakuwa wasichana wawili tu. Akaniangalia. Watu wote wakaniangalia. Nikasema ni kweli, nimeamua hivyo mwenyewe, tena kichwa hicho amekitoa upande wangu.

Syombua ameniletea ugali wa unga mpya. Ni mara ya kwanza anakaa karibu nami tangu Jumamosi ile. Alikula, kisha akasema, "Ulimwambia chifu imetulia. Ilikuwa inanijia mimi."

Nikasema najua.

Akasema, "Ulikuwa unamwangalia chifu."

Nikasema najua. Akanimegea nyama kwenye sahani yake. Funguo anazo yeye, zimefungwa kwenye leso kiunoni. Sikuziangalia sana.

Jumatatu, 5 Septemba

Kalunde amerudi shule leo. Nimembebea sanduku mpaka stendi. Nimemuahidi kwamba mimi na mipango tumeachana. Alifurahi, nikaona ananiamini. Tulikaa tukisubiri basi, sikuwa na la kufanya, miguu ikaanza. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, baada ya nguvu na mwendo wanasoma nini. Akasema wenzo. Ukiwa na chuma kirefu na kitu cha kukiegemeza, mtu mmoja anaweza kuinua mzigo ambao watu kumi hawauwezi. Mtu mmoja! Basi likafika. Akiwa dirishani alikuwa bado ananieleza jambo kuhusu mahali pa kuweka egemeo, na kwamba lazima kwanza uangalie kitu fulani, lakini dereva alikuwa anapiga honi.

Nimerudi kwa njia ya kanisani. Ukuta wa upande wa mashariki umeinama nje tangu mvua za Aprili. Wazee wanasema ubomolewe ujengwe upya. Kazi ya miezi! Na pale nyuma kuna bomba refu la chuma limelala bure, na gogo zuri la kuegemeza.

Nimezungumza na mzee wa kanisa. Nimemwambia ni kunyoosha tu, dakika chache, mtu mmoja. Kesho mchana, kwaya ikiwa ndani inafanya mazoezi. Aliuliza kama watoke kwanza. Nimemwambia hakuna haja, waimbe tu, hawatasikia kitu.